Sumaku Si Maabara

Mkulima wa Laela akipeleka mahindi yake kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Sumbawanga, mkoani Rukwa, hakuna anayeyapokea kwa sura. Gunia linachomwa bambo, punje zinamwagwa kwenye chekeche, zilizobunguliwa na zilizooza zinatengwa, kisha kipima unyevu kinatoa hukumu. Yakizidi asilimia 13.5, yarudi juani. Mkulima atanung'unika, ataapa kwamba ameyaanika wiki nzima, lakini atayarudisha. Anajua mahindi hayo yataliwa na mtu asiyemfahamu, na mtu huyo ana haki ya kutolishwa sumu kuvu.

Katika mji huohuo, sokoni, chuma kinapenyezwa kwenye nyama ya mtoto wa miezi mitatu na hakuna aliyekipima. Hakikupimwa bandarini, hakikupimwa Kariakoo kilikopakiwa kwenye basi, hakikupimwa Tunduma kilikopita, wala pale mezani kinapouzwa. Punje ya mahindi inaulizwa cheti. Hereni haiulizwi chochote.

Samahani, nimekosea kusema haipimwi. Inapimwa kwa sumaku.

Mmeiona. Ni kipande cha duara kilichong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, kimefungwa uzi na kuning'inizwa kwenye meza ya muuza urembo. Mama anafika, mtoto mgongoni, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi maana baridi ya Ufipa mwezi wa saba haina mzaha. Anauliza kama hereni hizi hazitamletea mtoto vidonda. Muuzaji hajibu kwa maneno kwanza. Anachukua kadi yenye hereni zilizopangwa safu, anaipitisha sumaku juu yake taratibu, huku na huko, kama mganga anayepunga. Hakuna kinachoruka. "Umeona, mama? Haishiki. Hii ni titaniamu, haichubuki, haiozeshi sikio. Hii ndiyo wanayowekewa watu hospitali." Mama anatoa noti. Kijana wa pembeni anachukua bastola ya plastiki ya kutogea, anapaka spiriti kwenye pamba, na kazi imekwisha kabla mtoto hajajua alie kwa sababu gani.

Ule ni utapeli. Nasema utapeli hata kama muuzaji mwenyewe ameamini kila neno alilolisema, maana naye aliuziwa maneno hayohayo na aliyemuuzia mzigo.

Sumaku haiishiki titaniamu, ni kweli. Haishiki shaba pia. Haishiki shaba nyeupe, wala zinki, wala aluminiamu, wala risasi. Haishiki hata nikeli iliyoyeyushwa pamoja na shaba kwa wingi, na chuma kingi kisichoshika kutu, kile chenye nikeli asilimia 10 hadi 14 ndani yake, nacho hakitikisiki mbele ya sumaku. Kipimo kinachopitisha karibu kila mtuhumiwa hakistahili kuitwa kipimo. Pale sokoni kazi ya sumaku ni moja tu, kumtuliza mteja.

Titaniamu yenyewe ina sifa zinazoweza kuhakikiwa na mtu yeyote mwenye vifaa. Kwanza ni nyepesi: sentimeta moja ya ujazo ina gramu 4.5, wakati chuma kisichoshika kutu kinakaribia gramu 8. Pili, ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe papo hapo. Ni utando huo unaoifanya ikae kwenye nyama bila ugomvi, na ndiyo maana madaktari wa mifupa hutumia vyuma vyake kuungia mifupa iliyovunjika. Lakini hata titaniamu si moja. Ile inayokubalika kukaa mwilini ina viwango vyake vinavyojulikana duniani, ISO 5832-3 na ASTM F136. Ni mchanganyiko wa titaniamu na aluminiamu asilimia 6 hivi na vanadiamu asilimia 4 hivi, na uchafu mwingine umebanwa kwa vipimo vikali. Kila mkupuo unaoyeyushwa kiwandani hutoka na cheti kinachoonyesha namba yake na kilichomo ndani yake. Baada ya hapo bado kuna suala la uso: chuma kizuri kilichosuguliwa ovyo, chenye mikwaruzo na ncha, hukwangua kidonda kila mtoto anapogeuza shingo.

Kwa hiyo anayetaja titaniamu anataja cheti. Kama cheti hakipo, alichotaja ni rangi ya kijivu tu. Na bei kubwa nayo isikudanganye. Tapeli mwenye akili hauzi feki kwa bei ya feki.

Sasa twende kwenye jambo linalonichoma zaidi. Hereni ikimkataa mtoto, kesi anabambikiwa mtoto mwenyewe. Sikio linavimba, linatoa majimaji, ndewe inaota ukoko wa njano unaonata kwenye shuka, na watu wazima wanaanza kutoa hukumu. Mtoto huyu anachagua. Damu yake haipatani na hereni. Ngozi yake ya kidosi. Wapo wanaosema amepigwa jicho, na hapo safari ya zahanati inaahirishwa. Bibi analeta maji ya chumvi, shangazi analeta mafuta ya taa, jirani anashauri hereni izungushwezungushwe kila asubuhi isije ikaganda. Wanaizungusha, na kila mzunguko unakwangua upya. Katika baraza zima hilo, mshtakiwa wa kweli amekaa sikioni anameremeta na hakuna aliyemwangalia.

Mshtakiwa mkuu anaitwa nikeli. Ni metali ya bei nafuu, inayong'aa, na mafundi huipenda kuwa tabaka la chini kabla ya kuchovya kile kinachoitwa dhahabu. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Linaila nikeli taratibu, chembe zake zinaingia kwenye ngozi, zinajishikiza kwenye protini za mwili, na askari wa mwili wanajifunza kuzitambua kama adui. Kwenye ngozi nzima jambo hilo linaweza kuchukua muda. Kwenye tundu bichi lililotogwa leo, nikeli haina hata ukuta wa kuvuka. Na askari hao wakishajifunza hawasahau. Mtoto aliyepata mzio wa nikeli akiwa na miezi mitatu ataubeba hadi uzeeni: kifungo cha suruali ya jinzi kitamwasha kitovuni, saa itamwasha mkononi, miwani itamwasha puani. Akiwa na miaka thelathini atakuwa anajikuna bila kujua kwamba alipewa ugonjwa huo sokoni, siku aliyopelekwa apendezeshwe.

Niongeze risasi na kadimiamu, maana watoto hawavai urembo tu, wanautia mdomoni. Mwaka 2006 mtoto wa miaka minne huko Minneapolis, Marekani, alikufa baada ya kumeza kidude cha bangili kilichotolewa kama zawadi pamoja na viatu vya Reebok. Kilipopimwa kilikuwa na risasi asilimia 99. Bangili laki tatu ziliitwa zirudishwe. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona na mawakili kila ghorofa, na bado kidude kilipenya. Sisi ambao hatupimi tunajifariji kwamba hakijapenya kwa ushahidi gani?

Umoja wa Ulaya ulimaliza ubishi huu mwaka 1994 ulipotunga agizo juu ya nikeli, na leo sheria yao inasema hivi: kitu chochote kinachopita kwenye tundu la sikio au la sehemu nyingine ya mwili hakiruhusiwi kuachia zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimeta ya mraba kwa wiki. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Na wanapima vipi? Wanatengeneza jasho bandia lenye chumvi, yurea na asidi ya laktiki, wanatumbukiza hereni humo, wanaiacha wiki nzima kwenye nyuzi joto 30, kisha wanapima nikeli iliyotoka. Basi. Hakuna uchawi. Ni chumvi, joto, subira, na mashine ambayo maabara nyingi za kemia zinayo.

Jiweke kwenye nafasi ya mwenye kiwanda huko ughaibuni. Una wateja wawili. Mmoja anatumbukiza mzigo wako kwenye jasho bandia na kukurudishia ukishindwa. Mwingine anapitisha sumaku ya spika. Utampelekea nani ule mzigo ulioharibika?

Hapa nataka kuzungumza na wenye ofisi, kwa heshima zote lakini bila kuzunguka. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009 mkononi. Tangu 2012 lina utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Mwaka 2019 likaongezewa chakula na vipodozi vilivyokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Nawapongeza kwa kila shehena ya krimu za kuchubua ngozi mnayoiteketeza. Lakini krimu inapakwa juu ya ngozi, hereni inaingia ndani yake. Ikiwa cha juu kinastahili moto, cha ndani kinastahili japo swali. Nionyesheni kadi moja ya hereni katika soko la Sumbawanga, au Namanyere, au Matai, yenye alama yenu ya ubora. Moja.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nayo ina mpaka wake. Chuma cha titaniamu kikifungwa kwenye mfupa wa paja la kijana aliyeanguka na bodaboda, hicho ni kifaa tiba, kina sheria, kina usajili. Chuma kinachodaiwa kuwa hichohicho kikipitishwa kwenye sikio la dada yake, ghafla ni urembo, kinauzwa meza moja na vibanio vya nywele na rasta. Mwili ni uleule na damu ni ileile. Tofauti ni kwamba cha kwanza kinawekwa na daktari na cha pili kinawekwa na kijana mwenye bastola ya plastiki isiyoweza hata kuchemshwa ikatakata. (Bastola hizo na homa ya ini B zinahitaji makala yake peke yake, na kalamu kali kuliko hii.)

Wala msiniambie sheria mpya inahitajika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji juu ya ubora wa bidhaa anayouziwa. Kuita zinki titaniamu ni udanganyifu leo, bila kusubiri Bunge likae. Tume ya Ushindani, ambayo huwakamata wenye viatu na simu zenye nembo bandia, inalinda jina la kampuni ya Ulaya au Asia lisichafuliwe. Vizuri. Basi ilinde na sikio la binti wa Kirando.

Na msiniambie vifaa hakuna. Masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, la Geita likitangulia, mashine za eksirei za kusoma madini ziliingia kazini. Unaweka kipande cha dhahabu, sekunde chache, namba zinasoma: dhahabu kiasi hiki, fedha kiasi hiki, shaba kiasi hiki. Mashine ya namna hiyo ikielekezwa kwenye hereni itasema palepale kama ndani kuna titaniamu au nikeli au risasi. Haimalizi kazi yote, kwa kuwa inasoma zaidi sehemu ya juu na mchovyo unaweza kuizuga, na ndiyo maana jasho bandia bado linahitajika. Lakini kama chujio la mwanzo, ingenasa nusu ya takataka zilizopo mezani kabla ya saa sita mchana. Serikali ilizipata mashine hizo haraka pale mrabaha ulipokuwa unavuja. Uchungu wa mtoto hauna mrabaha.

Tena tunaijua nchi hii ikiamua. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wauza nyanya wetu wa Sumbawanga wakabadilika bila semina wala posho. Mbegu ya mahindi ina lebo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu; mkulima anakwangua na kutuma namba kujua kama ni halali. Wakala wa Vipimo wanapita kwenye minada kukamata lumbesa na mizani iliyochezewa. Kila mahali ambapo fedha inaweza kuibwa tumeweka mtu wa kupima. Sehemu pekee tuliyoachia imani ni mwili wa mtoto wa kike.

Nimeshasikia jibu la wazee wangu: mbona bibi zetu walitogwa kwa mwiba na hawakufa? Kweli kabisa, shikamoo zao. Walitogwa kwa mwiba au sindano, wakapitishwa uzi, au njiti ya ufagio iliyokatwa fupi, wakakaa nayo mpaka tundu likapona. Njiti ya ufagio haina nikeli. Uzi hauna kadimiamu. Hatari yao ilikuwa uchafu, na uchafu huo uliwaumiza wengi ambao leo hatuwahesabu kwa kuwa hawapo kusimulia. Hatuwezi kumtumia bibi kuhalalisha kiwanda ambacho bibi hakukijua.

Kama tunataka kuwasikiliza wazee, tuwasikilize wale waliojua chuma. Nchi hii ya Ufipa ilikuwa na wayeyushaji wa chuma ambao wanaakiolojia bado wanafuata mabaki yao. Profesa Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Matanuru yao marefu, malungu (moja huitwa ilungu), yalifikia mita tatu hivi, yakivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Zingatia kilichofuata. Kilichotoka kwenye ilungu hakikuonwa kuwa kimekamilika. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, lenye mivukuto, kikachomwa mara ya pili ili takataka zitoke, ndipo mhunzi akakigusa. Watu hao hawakuwa na ISO wala mashine ya eksirei, lakini walikuwa na ustaarabu wa kutoamini chuma kwa kukitazama. Na jembe lilipokatika shambani, aliyelifua alikuwa na jina na nyumba. Hereni iliyomwozesha mtoto sikio huko Kaengesa imefuliwa na nani? Kadi haina jina, haina anwani, haina namba ya mkupuo. Ina picha ya mwanamke Mzungu anayecheka.

Jibu la pili ni la umaskini: watu wa Rukwa wana matatizo makubwa kuliko hereni, na ukiweka masharti bei itapanda. Hoja hii huwa inatolewa na watu ambao binti zao wametogwa hospitali ya binafsi Dar es Salaam. Masikini ndiye asiyeweza kununua hereni mara tatu, dawa ya kupaka mara nne na nauli ya kwenda mjini kila wiki. Kitu kibovu ni ghali zaidi kwake kuliko kwa mtu yeyote. Na anayedhani masikini hajali, asimame dakika kumi kwenye meza ya urembo na asikilize swali wanaloanza nalo akina mama. Hawaanzi na bei. Wanauliza kama haitamdhuru mtoto. Swali ni sahihi, anayestahili kulijibu hayupo, ndipo sumaku inapopata kazi.

Kwa hiyo nadai, na nadai kwa majina. TBS, tumeni mtu avae nguo za kawaida, anunue kadi za hereni na vipini katika Soko Kuu la Sumbawanga, Laela, Namanyere na Kasanga, mzipeleke maabara, mzitumbukize kwenye jasho bandia, kisha mtangaze matokeo redioni kwa Kiswahili, kwa majina ya waagizaji. Kigezo cha Ulaya cha mikrogramu 0.2 mkifanye sharti kwa chochote kinachopita kwenye tundu la mwili, na mzigo usio na cheti cha maabara usipite Tunduma wala Kasesya. Tume ya Ushindani, anayeandika titaniamu kwenye kadi aonyeshe cheti cha mkupuo au ashtakiwe, mkianza na muagizaji wa jumla na kumwacha machinga mwenye meza moja kwanza. Halmashauri ya Manispaa, bastola za kutogea ziondoke sokoni, na kutoga masikio kufanyike kwenye kliniki ya mama na mtoto, sindano safi, siku ileile ya chanjo. Muuguzi yupo, mtoto yupo, kadi yake ya kliniki ipo.

Nawe mama unayesoma haya ukiwa umemshika binti: ukisikia titaniamu, omba karatasi. Asiye nayo mwache na sumaku yake, mrudishe mtoto nyumbani na masikio yake mazima. Hakuna binti aliyewahi kudhurika kwa kusubiri.